Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Zanzibar: tuulizwe kwanza tulishuka mita ngapi

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum warahmatullah.

Mimi ni mpiga mbizi wa Nungwi. Kazi hii nimeifanya kwa miaka 19, nikianza kwa kubeba mitungi kutoka mchangani hadi kwenye boti, kisha nikawa kiongozi wa wageni, na kwa miaka 6 sasa ninafundisha mbizi za kina kirefu, ambazo katika fani yetu huitwa mbizi za kiufundi. Nimeona nikuandikie kwa uwazi kwa kuwa jambo lenyewe linawagusa watu wengi kuliko mimi: wengi miongoni mwa wahudumu wetu wa afya, kuanzia daktari wa zamu hadi yule anayetupima kila mwaka ili tupate cheti cha kazi, humwona mpiga mbizi wa aina yetu kuwa mtu aliyejitafutia mauti kwa mikono yake, na mtazamo huo unatuchelewesha kupata tiba ambayo faida yake hupungua kila saa inayopita.

Yafaa kwanza nieleze kazi yenyewe. Mgeni anayekuja kisiwa cha Mnemba kutazama samaki hufundishwa mambo mawili makubwa: asivuke mita 40, na asikae chini muda mrefu kiasi cha kushindwa kupanda moja kwa moja hadi juu akipatwa na tatizo. Sisi tunaivuka mipaka yote miwili, kwa makusudi na kwa mpango. Kila mita 10 za maji ya bahari humwongezea mtu mgandamizo sawa na ule wa hewa ya kawaida ya pwani, hivyo kwenye mita 60 mwili hubeba mara 7 ya mgandamizo tunaoishi nao hapa juu, na nitrojeni iliyomo katika hewa huyeyuka na kuingia katika damu, mafuta na uti wa mgongo kwa wingi unaolingana na kina hicho. Mtu akipanda upesi, nitrojeni ile hutoka kwa vipovu, kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa. Ndiyo maana huko chini hatuvuti hewa ya kawaida. Tunachanganya oksijeni asilimia 18, heliamu asilimia 45 na nitrojeni asilimia 37, mchanganyiko uitwao trimiksi, na kwa njia hiyo mtu aliyeko mita 60 huwa anavuta nitrojeni sawa na ya mtu aliyeko mita 23 mwenye mtungi wa hewa ya kawaida. Wakati wa kupanda tunasimama kituo baada ya kituo. Kwenye mita 21 tunahamia mtungi wenye oksijeni asilimia 50, na kwenye mita 6 tunavuta oksijeni tupu hadi dakika zilizopangwa zitimie. Mpango wote huandikwa kwa penseli kwenye kibao cha plastiki kinachofungwa mkononi, na kompyuta ya mbizi huweka kumbukumbu ya kina na muda tangu tunapozama hadi tunapoibuka. Mtu anayeihesabu pumzi yake namna hii anaogopa kufa kama watu wengine wote, pengine kuliko wengi.

Pamoja na hesabu hizo, maradhi ya vipovu hivyo huweza kumpata mtu hata akiwa amefuata kila kitu. Miaka 4 iliyopita, mwishoni mwa kaskazi, siku ya maji mafu na bahari ikiwa shwari, mimi na mwenzangu tulishuka mita 60 kwenye ukingo wa nje wa mwamba, kaskazini mwa Unguja. Tulikaa chini dakika 20, tukapanda kwa zaidi ya dakika 50, na hatukuruka kituo hata kimoja. Saa 4 na dakika 50 asubuhi tulikuwa juu. Baada ya nusu saa hivi, nikiwa nimekaa kwenye ubao wa boti, niliusikia unyayo wa kushoto kama unakanyaga sifongo. Nikajaribu kwenda haja ndogo, mkojo ukakataa kutoka. Mwenzangu alinitazama usoni tu. Alinivisha maski ya oksijeni na kumwambia nahodha ageuze boti.

Hospitali tuliyoifikia saa 7 mchana sitaitaja, na sikusudii kumshitaki mtu, kwani daktari aliyetupokea alikuwa kijana, amechoka, na wagonjwa walikuwa wamejaa hadi barazani. Aliniuliza nimefanya nini. Nilipomjibu kwamba nimetoka mita 60, aliweka kalamu chini. “Mita sitini? Kaka, nani alikutuma huko? Mtu mwenye watoto anakwenda kutafuta nini huko chini?” Akanibana kidole kwa kile kipimo cha oksijeni, kikasoma 98, akasema oksijeni yangu inatosha kabisa, na maski ikavuliwa ikapelekwa kwa mzee mwenye pumu aliyekuwa kitanda cha jirani, ambaye Mungu ni shahidi simwonei choyo pumzi aliyoivuta. Mwenzangu alimwonyesha kompyuta ya mbizi, yenye mchoro wote wa safari yetu ya asubuhi, kina na muda wa kila kituo. Aliisogeza pembeni bila kuitazama. Nilichomwa sindano ya kutuliza maumivu, ingawa sikuwa nimelalamikia maumivu, nikapimwa malaria, nikaambiwa nipumzike.

Saa 10 jioni zamu ilibadilika. Muuguzi aliyeingia, mama wa makamo mwenye lafudhi ya Pemba, alisimama upande wa miguu yangu, akanikwaruza nyayo kwa mfuniko wa kalamu, wa kulia kwanza kisha wa kushoto, akainua macho. “Mwanangu, ulitoka majini saa ngapi? Mkojo unapita?” Hakuuliza nani alinituma. Baadaye nilikuja kujua kwamba kaka yake alikuwa mzamiaji wa majongoo ya baharini, na sasa anatembea kwa magongo. Alinirudishia oksijeni kutoka mtungi mwingine, akanitia mrija wa mkojo, akapiga simu mwenyewe. Mlango wa chemba ya mgandamizo, yaani chumba ambamo mgonjwa hurudishiwa mgandamizo kama wa chini ya maji, ulifungwa nikiwa ndani saa 2 na robo usiku, zaidi ya saa 9 tangu nilipotoka majini. Nilikaa humo saa 4 na dakika 45, nikianzia mgandamizo wa mita 18 huku nikivuta oksijeni kwa vipindi, kwa kufuata jedwali la 6 la Jeshi la Maji la Marekani, ambalo ndilo linalotumika sehemu nyingi duniani, na nikarudishwa ndani mara 3 nyingine. Leo ninatembea, ninafundisha, na ninamshukuru Mola. Lakini mguu wa kushoto kuanzia kifundo kwenda chini hautambui moto wala baridi, na nimewahi kuunguzwa unyayo na mchanga wa saa 8 mchana nikajua nilipofika nyumbani na kuona malengelenge.

Nimeyaeleza hayo kwa urefu, Mheshimiwa, kwa kuwa ndani yake mna kila kosa ambalo nimelisikia tena na tena kwa wapiga mbizi wenzangu. Kipimo cha kidole hakioni vipovu. Oksijeni katika maradhi haya hutolewa ili kuifukuza nitrojeni mwilini na kuzilisha sehemu ambazo vipovu vimezizibia damu, hivyo mwenye 98 anaihitaji sawasawa na mwenye 88. Gesi ya nitrasi oksaidi, inayotumika kutuliza maumivu, haifai hata kidogo, kwani huingia ndani ya vipovu na kuvitanua. Mgonjwa anayetoka Pemba asipandishwe ndege ndogo isiyodhibiti hewa ndani bila rubani kuambiwa aruke chini kadiri inavyowezekana, kwa sababu kila anapopanda juu vipovu hukua. Ganzi ya miguu pamoja na mkojo kuziba, kwa mtu aliyetoka majini siku hiyo, ni alama kwamba vipovu vimeudhuru uti wa mgongo hadi itakapothibitika vinginevyo. Kujua haya hakuhitaji ubingwa. Muuguzi yule aliyajua kwa kumwuguza kaka yake. Daktari wa mchana alikuwa amekwisha kunihukumu pale alipoisikia ile mita 60, na aliyekwisha kuhukumu huwa hana haja ya kuuliza tena.

Nafahamu kwamba madaktari nao wana yao ya kusema. Wapo wapiga mbizi wanaodanganya kina walichoshuka, wapo wanaotaka cheti cha afya kigongwe muhuri bila hata kuvua shati, na wapo vijana wanaoiga kazi yetu kwa mtungi mmoja na ujasiri mtupu, wakaja kufa mikononi mwa daktari ambaye ndiye atakayekwenda kuwaeleza wazazi wao. Daktari aliyepitia hayo mara mbili akituona sisi ana haki ya kuwa na wasiwasi. Ni kweli pia kwamba fani yetu ilikua kwa sehemu kubwa nje ya hospitali, kwa watu waliojaribu gesi na ratiba kwa miili yao wenyewe, na baadhi yao hawakurudi.

Hata hivyo, tiba ya mbizi yenyewe ilianzishwa na watu walioshuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1870, lilipokuwa likijengwa daraja la Eads juu ya mto Mississippi huko St. Louis, daktari Alphonse Jaminet alikuwa akiwatibu vibarua waliochimba misingi ndani ya vyumba vilivyojazwa hewa ya mgandamizo. Siku moja alishuka nao mwenyewe, akapandishwa kwa dakika chache tu, akapooza kwa muda, na alichokiandika baadaye kuhusu maradhi yale kilitoka katika mwili wake. Mwaka 1906 Damant na Catto, wa Jeshi la Maji la Uingereza, walishuka futi 210, karibu mita 64, katika maji ya Uskoti ili kuzijaribu hesabu za daktari John Scott Haldane, na mwaka 1908 Haldane, Boycott na Damant wakachapisha majedwali ya kupanda kwa vituo ambayo ndiyo babu wa hesabu zilizomo katika kompyuta niliyoivaa siku ile. Kina chao kilikuwa mita 4 zaidi ya changu, na daktari mwenyewe alikuwa nao kwenye meli.

Nitaongeza mfano mmoja wa karibu zaidi. Nitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, ilitumiwa na wanasayansi wa bahari wa Marekani tangu miaka ya 1970. Dick Rutkowski alipoipeleka kwa wapiga mbizi wa kawaida mwaka 1985, wengi waliipinga kwa ukali, madaktari wakiwamo, na ikafika mahali ikaitwa gesi ya shetani. Kabla ya miaka ya 1990 kwisha, mashirika makubwa ya mafunzo yalikuwa yakiifundisha, na leo mgeni wa wiki moja hapa Nungwi huivuta bila mtu yeyote kushtuka. Walioivusha kutoka kwenye woga hadi kwenye kawaida ni pamoja na wataalamu wa fiziolojia kama R. W. Hamilton, aliyekubali kukaa na wapiga mbizi wa mapangoni na kuwahesabia ratiba za kupanda, wakati ambapo ingekuwa rahisi kwake kuwaambia waache. Alijua watashuka tu, akaona bora washuke na hesabu sahihi.

Wapo wengine ambao hali yao ni nzito kuliko yetu sote, nao ni wavuvi wa majongoo. Hawa kwa kina wanachoshuka ni wapiga mbizi wa kiufundi, ila hawana kompyuta, hawana trimiksi, wala oksijeni ya kupandia. Hushuka kwa hewa ya kawaida, mtungi baada ya mtungi kwa siku moja, kwa sababu majongoo ya maji mafupi yamekwisha na mnunuzi hulipa kwa alichoona kwenye ndoo. Akirudi kijijini mguu umelala, watu watasema amepigwa na shetani wa baharini, atapelekwa kwa mganga, na siku ya tatu ndipo atafikishwa kituo cha afya. Kama hapo napo atapokewa kwa kuambiwa “mmezidi tamaa”, yule atakayepooza kesho atakuwa amekwisha kusikia habari, naye hatakwenda kabisa. Waathirika wa namna hii wako pia Honduras, ambako wapiga mbizi wanaovua kamba wa baharini, wa kabila la Wamiskito, walipooza na kufa kwa miaka mingi katika kazi isiyo na vifaa wala usimamizi, hadi tarehe 31 Agosti 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilipotoa hukumu kuhusu wapiga mbizi 42 na kuibebesha dola wajibu. Ningependa visiwa vyetu viyafikie mageuzi kabla ya kufikishwa mahakamani.

Lawama huzaa uongo, na uongo katika maradhi haya ni sumu. Ninamjua mkufunzi mwenzangu aliyemwambia daktari kwamba alikuwa mita 30, akiwa ametoka 55, ili asigombezwe mbele ya mkewe. Mtu mmoja kati ya 4 ana tundu dogo moyoni lililobaki wazi tangu tumboni mwa mama yake, ambalo kwa watu wengi halina madhara yoyote, lakini kwa mpiga mbizi linaweza kuvipitisha vipovu kutoka upande wa vena hadi upande wa ateri na kuelekea kwenye ubongo. Baada ya ajali yangu niliomba kipimo cha moyo cha kulitafuta tundu hilo. Nilijibiwa kwamba kipimo changu ni kuacha kazi. Sikupimwa hadi nilipojilipia mwenyewe safari ya kwenda kwingine, na namshukuru Mungu halikuonekana. Lakini vijana ninaowafundisha hawana nauli hiyo, na wengi wao wamejifunza kwamba kumwambia daktari ukweli ni kuhatarisha mkate wao.

Huenda mtu akauliza jamii inafaidika nini na watu wanaoshuka hivyo. Tarehe 29 Septemba 2019, kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, gari lenye mama na binti yake liliteleza nyuma kutoka kwenye feri na kuzama mbele ya macho ya abiria. Lilipatikana kwenye kina cha mita 58, na lilitolewa tarehe 11 Oktoba, siku 12 baadaye, wakati ndugu wakisubiri ufukweni. Kina kile si cha mpiga mbizi wa kawaida. Na sisi wa Nungwi tunaukumbuka usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama meli ya MV Spice Islander I, jinsi boti za wavuvi na za vituo vya mbizi zilivyotoka kuwaokota waliokuwa wameshikilia magodoro. Siku ya msiba kama ile hakuna anayetuuliza nani alitutuma.

Ninachoomba, Mheshimiwa, hakihitaji bajeti kubwa. Naomba Wizara yako ipeleke waraka wa ukurasa mmoja katika kila kituo cha afya cha pwani, Unguja na Pemba, unaomtaka mhudumu amwulize kila mgonjwa aliyetoka majini alishuka kina gani, alikaa muda gani, alivuta gesi gani na dalili zilianza saa ngapi. Ampe oksijeni tupu kwa maski hata kipimo cha kidole kikisoma 100. Amlaze, ampe maji, ampime nyayo na mkojo. Na ampigie simu daktari wa chemba kabla ya kumchoma sindano yoyote ya maumivu. Namba hiyo ya simu iandikwe kwa maandishi makubwa na kubandikwa ukutani. Naomba pia kompyuta ya mbizi ihesabike kuwa sehemu ya maelezo ya mgonjwa, isafiri naye kwenye rufaa, na asiivue mtu. Kuhusu cheti cha afya, naomba wachaguliwe madaktari wachache wapewe mafunzo ya tiba ya mbizi, ili kupimwa kwetu kuwe kupimwa kweli, kwa vipimo na mazungumzo, na atakayeambiwa asishuke tena aambiwe kwa sababu anayoweza kuielewa. Na kwa wavuvi wa majongoo naomba mkae na wenzenu wa Wizara inayosimamia uvuvi, kwa kuwa mtungi wa oksijeni kwenye boti ni suala la leseni, na tiba ni suala lenu.

Kwa upande wetu, mimi na wenzangu 5 tuko tayari kuja kuzungumza na wahudumu siku yoyote itakayopangwa, bila malipo, na yeyote atakayependa tutampeleka baharini akatazame kazi yenyewe akiwa juu ya boti. Nitakuja na kile kibao cha plastiki cha siku ile. Namba zake bado zinasomeka: 60, 21, 6, na pembeni, kwa mwandiko wa mwenzangu, saa aliyonivisha maski.

Wako mtiifu,

Mpiga mbizi na mkufunzi,
Nungwi, Kaskazini Unguja